Siku Ngazi Alipokataa Kushuka

Alikuwa mrefu, na tangu shuleni wenzake walimwita Ngazi. Jina likamganda mpaka akawa mtu mzima mwenye kazi ya kupanda miti, na watu wakadhani amelipata kwa sababu ya kazi. Hakujisumbua kuwasahihisha. Ngazi zenyewe hakuzipenda hata kidogo. Alisema zinateleza na hazina adabu. Yeye alipanda kwa kamba, mkanda mpana wa kiunoni, na buti ambazo soli zake zilikwisha kushonwa mara tatu.

Kazi alifundishwa na mjomba wake. Mjomba alimwonyesha namna ya kugonga shina kwa nyundo ya mbao na kusikiliza kabla ya kushika msumeno: shina zima hutoa sauti nzito, lililooza hulia kama debe tupu. Alimwonyesha kukata tawi kidogo kwa chini kwanza, ndipo juu, ili lisichune gome likianguka. Mengine alijifunza mwenyewe, kwa ngozi yake. Msumeno wa mashine ukigusa kitu kwa ncha, unaruka nyuma kuutafuta uso wako. Majani mabichi yanaweza kuficha waya wa umeme, na tawi kavu halikupi taarifa kabla ya kuvunjika.

Kila nyumba aliyobisha hodi, aliyefungua aliangalia nyuma yake kumtafuta mwanamume.

"Fundi yuko wapi?"

"Unamwangalia."

Alipokuwa na miaka thelathini na mmoja, tawi kavu lilimwangusha akavunjika nyonga. Daktari akamwambia habari ya kupanda miti aisahau. Kaka yake, kwa huruma zake, akaichukua kamba akaificha juu ya dari. Mwaka haukuisha, mke wa kaka akapanda kwenye meza, akaishusha kamba na kumpelekea.

"Wifi, kakako atapiga kelele," alisema. "Lakini nimechoka kukuona umekaa kama mzigo wa stesheni. Twende, mimi nitashika kamba chini."

Kaka alipiga kelele kweli, siku tatu. Ya nne akanyamaza. Tangu hapo mawifi wale wawili walifanya kazi pamoja, mmoja juu na nyonga yake mbovu, mwingine chini, mnene, amejifunga kanga kiunoni na kofia ngumu kichwani, akiizungusha kamba kwenye kisiki na kushusha matawi polepole kama anayelaza mtoto.

Miaka kumi na miwili baadaye, asubuhi moja baada ya upepo mkali, muuguzi mkuu wa hospitali aliwaita. Mti mkubwa uani ulikuwa umeinama juu ya wodi ya watoto. Ngazi alizunguka shina akigonga. Upande wa wodi, sauti nzito. Upande wa geti, debe. Chini, kwenye mizizi, uyoga ulikuwa umeota safu kwa safu.

Kabla hajasema neno, lori likaingia na waya wa chuma. Akashuka msimamizi wa majengo ya umma, shati limenyooshwa, simu mkononi. Vijana wake wakaufunga waya juu ya shina kufumba na kufumbua.

"Tunauvuta kuelekea getini," alisema. "Robo saa, kazi imekwisha."

"Usiuvute," Ngazi akasema. "Umeoza upande huo huo wa geti. Ukivuta, shina litapasuka, mti ujizungushe, na uzito wote uko juu ya wodi."

"Dada, mimi nimeangusha miti kabla wewe hujajua kutambaa."

"Na iliangukia wapi?"

Dereva wa lori akakohoa kuficha kicheko. Msimamizi akakunja uso. Muuguzi mkuu akaomba apewe muda wa kuwahamisha watoto. Walikuwa tisa, wawili kati yao wanapumulia mashine. Msimamizi akatazama saa yake. Hana muda wa kupoteza, alisema, watoto wakae mbali na madirisha tu, inatosha. Akampungia dereva mkono awashe injini.

Ngazi hakubishana tena. Alifunga mkanda, akarusha kamba, akapanda kwa upande ule mzima. Nyonga ilimuuma kama kawaida, akauma meno akaendelea kupanda. Alipofika juu ya waya, akajifunga, akaketi kwenye panda ya matawi.

"Haya," alipaza sauti. "Vuta sasa."

"Shuka!" msimamizi akafoka.

"Sishuki."

"Nitaita polisi!"

"Waite. Waambie waje na viatu vya kupandia."

"Na akishuka," wifi akadakia kutoka chini, mikono kiunoni, "mimi nitampandisha tena."

Dereva akazima injini, akashuka na kuegemea mlango. "Bosi, mimi sivuti mtu," alisema, na kauli yake ikawa ya mwisho.

Msimamizi akaenda pembeni kupiga simu. Ngazi akamwita dereva. "Kaka, waya ukaze kidogo tu. Usivute. Ushikilie tu, usiniache niende na mti upande wa wodi."

"Nimekuelewa," dereva akajibu, na kwa saa tano hakutoka kwenye usukani.

Alianza na matawi yaliyoinamia paa. Kata chini, kata juu, kamba ikaze, wifi ashushe. Kwenye tawi la tatu alikuta nyigu. Walimuuma shingoni na kwenye kope moja, lakini mikono yote miwili ilikuwa kazini, hakuwa na mkono wa kuwafukuzia. Alitukana matusi ambayo wauguzi waliyasimulia wiki nzima, kisha akamaliza kulikata. Kwenye madirisha ya wodi ya pili, muuguzi mkuu alikowahamishia, watoto wenye nguvu walikuwa wamejipanga wakitazama, na kila tawi lilipogusa ardhi walishangilia.

Alasiri shina lilibaki kimo cha kifua, nalo limepasuka tayari kwa uzito wake wenyewe. Ndani yake ungeweza kuingiza ndoo. Msimamizi alikuja akachungulia.

"Mngenieleza vizuri," alisema.

"Nilikueleza ukiwa umesimama hapo hapo," Ngazi akajibu, jicho moja limevimba likafumba.

Wiki iliyofuata Ngazi aliitwa ofisini kwa msimamizi. Juu ya meza palikuwa na barua ya karatasi moja: kwamba alizuia kazi halali, kwamba anaomba radhi. Asiposaini hatapewa tena kazi kwenye majengo ya umma.

"Weka saini hapo tu, yaishe," msimamizi alisema kwa upole. "Ni utaratibu."

Ngazi aliisoma yote, mstari kwa mstari, bila haraka.

"Kosa langu umeliandika wapi? Silioni."

"Usijifanye mgumu, dada."

"Sijifanyi."

Akairudisha karatasi, akatoka akichechemea. Nje, wifi alikuwa amekaa juu ya rundo la kamba.

"Umesaini?"

"Nisaini nini?"

Hakupewa kazi ya umma mwaka mzima, na barua ile haikufutwa kamwe. Wa kwanza kumwita baada ya hapo alikuwa yule dereva wa lori, kwa mti uliokuwa ukigonga dirisha la mama yake. Mama huyo mwenyewe alifungua mlango, akamtazama Ngazi kuanzia buti mpaka kofia, kisha akasogea kumpisha.

"Pita, fundi," alisema. "Mti uko huku nyuma."