Siku Niliyovunja Kibanda Changu

Jumanne asubuhi, watu wakiwa wamejaa kando ya barabara hapa Huruma, nilichukua shoka nikavunja kibanda changu mwenyewe.

Nyanya zikabingirika hadi kwa lami. Watu wakatoa simu, wakaanza kunirekodi.

"Mama Lawrence, umerukwa na akili?" Apondi, jirani yangu muuza viatu vya mtumba, akanishika mkono.

"Niache!"

Wajukuu mnaosoma, nawategea kitendawili. Nina mlango mpana, nimeuziba mwenyewe, halafu nalia sina pa kupitia. Ni nini?

Fikirieni nikiwaeleza.

Lawrence alikuwa kijana wangu wa pekee. Kila siku ya Mungu alienda kazi ya mjengo Kimumu kwa baiskeli. Wiki tatu zilizopita, lori la mchanga lilimgonga hapo mbele ya meza yangu.

Nilikuwa napanga nyanya. Nilisikia tu kishindo.

Kwa matanga kila mtu alifoka: "Mji huu hautaki watu wa baiskeli! Watujengee njia!"

Mimi nilipiga makofi kuliko wote.

Dereva alisema jambo moja tu: "Alichomoka ghafla akaingia mbele yangu." Tukamwita mwongo.

Sasa Jumanne hiyo, Brigid, mke wa Lawrence, akatoa ile baiskeli. Fundi alikuwa ameinyoosha.

"Mwanangu, utapanda hiyo kweli?"

"Mama, kazi ya kufua hainingoji. Na Kimumu kwa miguu nimechoka."

Akapanda. Alipofika kwa meza yangu, akachomoka ghafla akaingia barabarani. Pikipiki ikamkosa kidogo tu.

Hakuwa na pengine pa kupita.

Wacha niseme nilichonyamazia matangani. Njia ya baiskeli ilishajengwa, miaka minne iliyopita. Rangi haijakauka, sisi wachuuzi tukaweka juu yake mawe ya kushika nafasi za vibanda, vile huwa tunafanya. Jiwe langu lilikuwa la kwanza.

Huo ndio mlango.

Lawrence aliniomba, "Mama, sogea nyuma kidogo, tupite."

Nikamcheka. "Nani hununua nyanya akiwa juu ya baiskeli? Zunguka!"

Akawa anazunguka. Miaka minne alizunguka.

Ndipo nikachukua shoka.

Kesho yake nikakuta jiwe la mwingine pale pale.

"Si umetoka?" Apondi akasema bila kuniangalia. "Nafasi ni ya mwenye jiwe, mathe."

Nikalisukuma hadi kwa mtaro. Asubuhi iliyofuata, lingine.

Ukitaka mji wenye baiskeli, usianze kwa kuifokea serikali. Inama kwanza uangalie chini ya meza yako. Mimi niliinama nikiwa nimeshazika.

Siku hizi nakaa pale na kigoda changu mpaka Brigid apite. Anapata hatua nane za njia wazi.

Baada ya hapo ni meza za wenzangu. Anaingia kwa lami, nami nafunga macho, nasikiliza.