Kutu ya Pwani kwenye Pikipiki ya Awadhi

Msinicheke. Pikipiki ya kaka yangu ilikuwa inalia.

Sisemi mlio wa injini. Nasema machozi. Kila asubuhi unakuta michirizi myekundu kwenye rimu na ekzosi, inashuka mpaka chini kama mtu aliyetokwa damu puani.

Na ilikuwa mpya, jamani! Hata plastiki ya kwenye siti alikuwa hajaibandua.

Mimi naitwa Hajira. Naosha pikipiki hapa Old Korogwe, jirani na mto. Vijana wananiita fundi nikeli, maana chuma cha kung'aa kikipita mkononi mwangu unaweza kukitumia kama kioo ukajipaka wanja. Pikipiki ya kaka yangu Awadhi ndiyo ilikuwa tangazo langu. Ikichafuka yake, naumbuka mimi.

Nikaisugua. Sabuni, maji safi, karatasi ya foili kutoa kutu, kitambaa laini, mwisho nta ya kuzuia maji. Ikang'aa ile mbaya. Jioni naiacha bibi harusi, asubuhi naikuta mgonjwa.

"Hajira, unaifanyia nini pikipiki yangu?"

"Niifanyie nini? Kutu hii naijua mimi. Ni ya pwani. Pikipiki za Tanga mjini na Pangani ndiyo zinakuja hivi. Sasa Korogwe bahari imefikaje?"

Mdomo wangu huu.

Awadhi macho yakamtoka. "Bahari? Basi ni jini. Nimetupiwa jini la baharini."

Akalipeleka hilo neno kijiweni kwake. Valentino, mwenyekiti wao wa bodaboda, akamuuliza swali moja tu: "Mtaani kwenu nani anaenda pwani kila mara?"

Hakuna aliyehangaika kutafuta jibu. Mzee Kasmiri.

Mzee Kasmiri ni jirani yetu, uani tumetenganishwa na ua wa miti tu. Babu yake aliletwa kukata mkonge Mazinde enzi za manamba. Yeye kazaliwa hapahapa, lakini mpaka leo wapo wanaomwita mgeni. Anauza samaki wakavu, mzigo anaufuata Tanga. Anaishi peke yake, na kila alfajiri utamsikia uani kwake anakohoa.

"Anakohoa au anasomea watu?" Valentino akasema. Watu wakatikisa vichwa.

Mama peke yake ndiye aliyemtetea. "Kasmiri ndiye alimwokota baba yenu barabarani. Mwogopeni Mungu."

Baba alikufa kwa ajali ya pikipiki. Ndiyo maana Awadhi aliponunua yake, Mama hakugusa chakula. Hakugomba hata kidogo. Alikwenda Handeni kwa mjomba wake ambaye ni shehe, akarudi kimya, akaendelea na shughuli zake.

Basi Ijumaa moja Awadhi kabeba abiria kwenda Mnyuzi. Kwenye kona, spoki za nyuma zikakatika. Rimu ikapinda, wakaenda chini. Abiria akapona na vumbi tu, ila Awadhi mkono ulichubuka mpaka nyama ikaonekana.

Pikipiki ililetwa nyumbani kwa guta, gurudumu la nyuma likiwa limefunguliwa pembeni. Valentino akaja kuiona.

"Kesho huyu mzee tunamchoma."

Ilipoadhiniwa alfajiri nikatoka uani kuchukua maji ya kutawadha. Nikaganda.

Kulikuwa na mtu kajitanda nguo nyeupe, kachuchumaa kando ya pikipiki. Anachovya vidole kwenye bakuli, anarushia rimu, midomo inacheza. Nikakamata mwiko wa ugali. Sijui nilitaka kumpiga jini mwiko!

Akageuka. Alikuwa Mama.

"Usimwambie kaka yako," akaninong'oneza. "Atanicheka."

Nikachovya kidole kwenye lile bakuli, nikalamba. Chumvi tupu.

"Ni ya mawe, imesomewa," Mama akasema. "Kinga ya ajali. Mjomba aliniambia ninyunyize mara moja tu, mimi nikaona haitoshi. Halafu kutu ikaanza. Nikasema maadui wamezidi, nikaongeza chumvi."

"Mama! Chumvi inapenya chini ya nikeli, inakula chuma. Spoki zimeliwa na hii!"

Akakaa chini kwenye mchanga. Sijawahi kumwona Mama vile, na roho iliniuma kwamba maneno yale yalitoka kwangu.

Hapo ndipo tukasikia makelele. Wanaume wako mlangoni kwa Mzee Kasmiri. Valentino ana dumu la petroli, Awadhi yuko mbele na bandeji yake.

Mama akainuka. Nikamng'ang'ania nguo.

"Mama, kaa. Wakijua unanyunyiza maji alfajiri watakuita mchawi. Watakugeukia wewe!"

"Nikikaa, watu wataua."

Akanitoka. Akapita katikati yao na bakuli lake, akasimama mbele ya mlango wa jirani.

"Awadhi. Aliyekuangusha ni mimi."

Mtu mmoja nyuma akalitamka lile neno. Mchawi. Nikasikia dumu linafunguliwa, na petroli ikanifikia puani.

Mama akanywa funda, akamnyooshea mwanawe bakuli. "Onja. Ni chumvi ya kukuombea usife kama baba yako."

Awadhi akaonja. Uso ukamkunjamana, kisha akaanza kulia mbele ya wenzake wote. Nikakimbia kuleta ile rimu. Nikaishika spoki moja iliyobaki, nikaivunja kwa vidole mbele ya Valentino. Akafunga dumu lake.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Kasmiri alikuwa amesimama ndani na Kurani ameikumbatia kifuani.

"Mzee wangu," Awadhi akasema kapiga magoti, "nisamehe. Hatukujua."

"Mimi nilijua," Mzee Kasmiri akasema. "Nilimwona mama yako siku ya kwanza aliyonyunyiza. Kila alfajiri nikawa nakohoa ili ajue kuna mtu macho, aache."

"Sasa kwa nini hukutuambia? Tulikuwa tunakuchoma!"

"Ningekuambieni, mngemchoma yeye."

Wakaondoka mmojammoja, wanaume wazima hawatazamani.

Siku hizi Mama bado anaiombea pikipiki kila alfajiri, ila kwa kitambaa changu na nta. Awadhi humpeleka Mzee Kasmiri stendi bure, na mpaka leo hajaweza kumtazama usoni.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi naongeza langu: wakati mwingine kinakula huku kinakuombea dua. Kabla hujashika dumu la petroli kwenda kwa jirani, anza kuulizana na wa kwenu.