Mti wa Fundi Mudathiru

Mji mzima wa Kamembe unamjua Mudathiru fundi cherehani, na wengi waliujua mdomo wake kabla ya kuijua sindano yake. Kibaraza chake kipo kwenye mteremko unaotoka sokoni kwenda ziwani, na hapo, mguu ukiwa kwenye pedali tangu asubuhi, hakuna mpita njia anayesalimika. Padri akileta kanzu ataelezwa namna fundi aliyetangulia alivyoiharibu, na shehe akileta yake ataelezwa yale yale. Hakuna kazi ya mwenzake aliyowahi kuisifu, wala hakuna kazi yake mwenyewe aliyowahi kukubali kuirudia. Mteja aliyelalamika kwamba mkono mmoja wa shati ni mrefu kuliko mwingine aliambiwa mabega yake ndiyo yaliyopinda.

Nyuma ya kibaraza aliishi na mama yake, Bi Mwamini. Mabati ya nyumba ile yakishashika jua, ndani hakukaliki, kwa hiyo baada ya sala ya adhuhuri bibi alitoa kigoda chake akaketi nje. Zamani palikuwa na mti mkubwa mbele ya nyumba, lakini barabara ilipopanuliwa ulikatwa, na tangu hapo bibi wa watu alikuwa akihama na kigoda kutoka ukuta huu kwenda ule akilikimbia jua. Tumpe Mudathiru haki yake: jambo hili lilimuuma kwelikweli. Alitaka kivuli kwa ajili ya mama yake, na sidhani kama katika maisha yake amewahi kutaka kitu kizuri zaidi ya hicho.

Aliyemwondolea bibi upweke ni Uwimbabazi, mama wa kisiwani Nkombo, aliyevuka kwa mtumbwi na beseni lake la sambaza, wale dagaa wa ziwani, akauzia chini ya upenu wa kibaraza. Wawili hao walibishana mchana kutwa kama sambaza wanapikwa kwa nyanya au wanakaangwa wakavu, bibi akishikilia nyanya, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Bibi alikuwa akimngoja kila siku, na Uwimbabazi akichelewa alikuwa mtu wa kuchungulia barabara tu.

Ikafika Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, na kiongozi wa mtaa, Niyomugabo, akatangaza kwamba safari hii ni kupanda miti. Miche ya jakaranda ililetwa kwa gari, kila mmoja katika kifuko chake cheusi cha plastiki, na kila mwenye mlango akapewa wake. Teta, binti wa idara ya kilimo, alisimama juu ya gari akaeleza taratibu: ukishachimba shimo, kata kifuko, kitoe, kisha ukirudishe kwenye gunia hapa garini. Mudathiru hakusikia, maana wakati huo alikuwa anamweleza jirani yake Harelimana, kinyozi, kwamba mtu aliyemshonea padri kanzu hafundishwi kuchimba shimo.

Plastiki mjini kwetu ni aibu. Kipande kikiokotwa mlangoni pako, utasemwa mpaka uchoke. Basi Mudathiru alipofika kwenye kifuko alikiangalia, akaangalia wapiga picha waliokuwa wanateremka na wageni waliokuja kutazama umuganda, akaangalia gari lililokuwa juu kabisa ya mteremko. Apande mlima mzima ameshika takataka mkononi, yeye Mudathiru? Akatia mche shimoni na kifuko chake, akafukia, akakanyagia, akanawa mikono. Mizizi si mijinga, alijiambia, itajitafutia njia. Mbele ya mlango wake palikuwa safi kuliko kwa mtu yeyote, na Niyomugabo akaagiza apigwe picha.

Mvua ziliponyesha mti ulisimama vizuri, naye akapata la kusema. Mche wa Harelimana ulipoliwa na mbuzi, kinyozi wa watu hakulala kwa kejeli. Wa muuza simu ulipoinama, Mudathiru aliuliza kama unasujudu. Kiangazi kikaingia. Majani ya jakaranda la fundi yakaanza kugeuka manjano, yakafuatwa na matawi yaliyokauka kuanzia nchani, na Harelimana akaanza kunyoa huku anapiga mluzi.

Hapo ndipo alipohitajika mkosaji. Haikumchukua Mudathiru muda kumpata, kwa sababu kila alasiri Uwimbabazi alisuuza beseni lake akamwaga maji kwenye shina la mti ule. Maji ya samaki! Alikwenda kwa Niyomugabo akaieleza kesi yake kwa urefu, pamoja na habari za inzi na harufu, na wote wawili wakaja kumsimamia yule mama kichwani.

"Papa Ganza," Uwimbabazi alisema, akimwita fundi kwa jina la mwanawe wa kwanza, "ile mayi haina chumvi. Sambaza zangu ni mbichi. Naimwangaka pale sababu naona muti iko na kiu."

Mudathiru alicheka. Mtu aliyezaliwa katikati ya ziwa, alisema, leo anatufundisha habari za kiu. Niyomugabo hakupenda kelele, na alipenda sana mtaa unaopendeza wageni, kwa hiyo aliamua palepale kwamba muuza sambaza ahamie chini, kwenye kona ya mfereji. Kule hakuna upenu wala ukuta, na sambaza huanza kuharibika kabla wateja hawajatoka makazini. Uwimbabazi alijitwika beseni akateremka. Bi Mwamini alipouliza rafiki yake amekosa nini, mwanawe alimjibu kwamba haya yote ni kwa ajili ya kivuli chake.

Mti ulikufa upesi zaidi baada ya hapo. Mudathiru aliuvumilia kwa muda, kisha akaona heri aung'oe mwenyewe kabla watu hawajazoea kuja kuuangalia. Mama yake alikuwa ameketi pembeni siku hiyo. Fundi alishika shina akavuta, akitegemea kazi kubwa, lakini mti ulitoka wote mzima bila kumsumbua, na kifuko chake kikiwa vilevile kama kilivyotoka garini. Ndani yake mizizi ilikuwa imejizungusha na kujisokota ikitafuta pa kutokea, mpaka ikajinyonga. Hakuna hata mmoja uliokuwa umepenya.

Mudathiru alibaki ameushika. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aibu ilimpanda usoni ikaonekana.

"Ule mama njo alikuwa anaipatia mayi," Bi Mwamini alisema.

Mudathiru akamwahidi mama yake. Siku ya umuganda, alisema, atasimama mbele ya watu wote aseme kosa ni lake, na Uwimbabazi arudishwe chini ya upenu. Bibi aliitikia kwa kichwa, na wiki zile alionekana mchangamfu, akiketi peke yake na kungoja.

Siku ikafika. Kazi ilipokwisha, watu walikusanyika kwa mkutano hapohapo mbele ya kibaraza, na Niyomugabo akamtaja Mudathiru kama mfano wa raia anayejali, ambaye mti wake uliuawa na uzembe wa wachuuzi. Akampa mche mpya mikononi, watu wakapiga makofi, kisha akamwomba awape wenzake neno la ushauri.

Mudathiru akainuka, akakohoa. Alimwangalia mama yake, akawaangalia wageni wenye kamera. Halafu akaanza kuwafundisha. Kifuko, alisema, lazima kitolewe. Kuna watu wanapanda mti na kifuko chake, mizizi inafia kifungoni, na watu wa namna hiyo hawastahili kupewa hata mche wa mchicha. Alieleza mizizi inavyojizungusha, akaonyesha kwa vidole, akaeleza vizuri kuliko Teta. Watu walicheka, wakapiga makofi tena. Jina la Uwimbabazi halikumtoka mdomoni.

Kisha akapanda mche wake mpya mbele ya macho ya wote, akakata kifuko akakitia kwenye gunia, akapigwa picha. Alipogeuka amwonyeshe mama yake, hakumkuta, wala kigoda hakikuwepo.

Alimwona kule chini, kwenye kona ya mfereji. Ameketi kwenye jua kali kando ya beseni la sambaza, yeye na Uwimbabazi wamejifunika kitenge kimoja kichwani. Mudathiru aliteremka mbio. Alimwambia jua litamuua, alimwambia mti sasa umepandwa kisawasawa, alimwambia wanatazamwa.

"Kivuli ni yako, mutoto yangu," Bi Mwamini alisema. "Uikalie weye peke yako."

Akamgeukia Uwimbabazi, akamwambia kwamba sambaza, kwa kweli, si lazima wapikwe kwa nyanya.