Wivu Nyuma ya Pazia la Ndege

Siku nilipopanda ndege kurudi nyumbani kutoka Ulaya naikumbuka vizuri, mwanangu, na kinachonijia kwanza si mawingu bali wivu. Ninyi vijana mnaofanya mazoezi hapa Yamumbi mnaonyeshana kwenye simu picha za wenzenu waliojilaza viti vya mbele vya ndege, kisha mnanuna siku nzima. Nawaona. Ninajua kinachowachoma, maana kilinichoma mimi kabla hamjazaliwa.

Tulikuwa wakimbiaji, mimi na Chebet. Wote tulitoka Moiben, kwao na kwetu palitengwa na ua tu, na tukishamaliza kukimbia asubuhi tulisaidiana kukamua ng'ombe. Tukaalikwa Ulaya kukimbia marathoni. Wakati wa kwenda tulikaa nyuma pamoja, magoti yamebanwa, tukicheka kila kitu, hata vile vijiko vya plastiki. Chebet akashinda. Mimi tumbo lilinikata njiani, nikamaliza huko nyuma ambako hakuna anayepiga picha.

Wakati wa kurudi, waandalizi wakamkatia Chebet tiketi ya mbele. Ili nifike kiti changu ilibidi nipite hapo alipokuwa. Kiti chake kilikunjuka kikawa kitanda. Alikuwa amefunikwa blanketi nene, mhudumu ameinama akimwita madam. Chebet huyu huyu tuliyelala naye kitanda kimoja utotoni! Nilimwonea wivu hadi mate yakawa machungu mdomoni. Mimi nilikaa karibu na choo, katikati ya wanaume wawili wenye mabega mapana, na pazia likavutwa. Kila harufu nzuri iliyotoka mbele niliiona kama tusi. Baadaye pazia likafunguka, nikamwona Chebet anakuja. Nikafumba macho na kujifanya nimelala. Alinigusa bega, akangoja kidogo, akarudi kwake.

Nairobi tulibadilisha ndege, tukapanda ile ndogo ya bei nafuu ya kuja Eldoret, ambayo hata maji unanunua na wote mnakaa sawa. Aliniwekea nafasi kando yake. Nikaenda kukaa kwingine.

Uwanja wa ndege wa Eldoret ulikuwa umejaa watu wakiimba. Desturi yetu unaijua: mshindi hunyweshwa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, kisha naye huwapa waliofanya mazoezi naye. Mama yake alimnywesha, na Chebet akaninyooshea kibuyu. Nikasema nimeshiba. Mwanangu, kwetu ukikataa maziwa ya mtu mbele ya watu umemwambia kwamba nyumba yao na yenu hazijuani tena. Nyimbo zikakatika, na Chebet akabaki amekishika kile kibuyu.

Mama yake hakupaza sauti. Alinisogelea akasema, "Wewe msichana, hii maziwa ni ya ng'ombe mlikuwa mnakamua na Chebet. Kama umekasirikia kiti, kasirikia kiti. Mtoto wangu amekukosea nini?"

Ndipo Chebet akaniambia polepole, "Nilikuja kukuamsha huko kwa ndege. Nilikuwa nimeongea na mhudumu, akakubali tubadilishane, ulale kwangu mpaka Nairobi. Nikapata umelala, nikakuonea huruma."

Niliyanywa yale maziwa nikilia. Nililia kwa aibu, na sitakuficha, nililia pia kwa ajili ya kile kitanda. Chebet alinisamehe hapo hapo. Mimi ndiye niliyechukua muda, maana hata alipozidi kuwa mwema kwangu, wivu ulirudi mara nyingi kunisalimia. Mpaka leo nikiingia ndege, macho hunikimbilia viti vya mbele. Sijawahi kukalia hata kimoja.

Kwa hiyo sikuambii usione wivu, utauona tu. Ninalokuomba ni hili: mwenzako akipata, mpongeze mapema, hata kama sauti inakukwama, kabla moyo haujawa mgumu. Akikutafuta, msikilize kwanza amekuja kusema nini, maana huenda amekuja kukugawia. Na ikifika zamu yako, usisahau kumtafuta uliyemwacha.

Mungu akupe miguu mizima na pumzi ndefu, akupandishe juu na kukushusha salama, na rafiki uliyeondoka naye arudi akiwa bado rafiki yako.