Nukta Iliyopanda Ukutani

Aliyetuangusha ni fundi mkuu, na aliyemshika mkono ni tajiri mwenye ndege. Majina sitaji. Wenyewe wanajijua.

Kiwanja chetu kilikuwa cha changarawe, mbele kidogo ya Bagamoyo. Ndege moja, injini moja. Kazi yangu ilikuwa filta ya oili. Ikitolewa naipasua, naisuuza kwa petroli juu ya kipande cha bafta nyeupe, fundi anakuja kutazama chenga za chuma zilizobaki kwenye kitambaa. Chenga zikizidi, injini inajila yenyewe. Kisha anatia nukta ya uzima wa injini kwenye karatasi ya grafu ukutani. Kila nukta iko chini ya mwenzake. Akiziunga kwa rula na kuuendeleza mstari, anajua injini imebakiza siku ngapi. Chini kabisa kuna mstari mwekundu. Ukiufikia, injini inashushwa kwenye ndege ikafumuliwe.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini kushuka nakujua. Bafta ya mwisho ilimeta kama dagaa juani. Kesho yake nukta mpya ilikuwa imepanda, na pembeni yake doa la kifutio.

"Shikamoo fundi. Kumbe injini nayo hupata nafuu?"

"Marahaba. Umesomea wapi wewe?"

"Kwenye bafta."

"Basi kaifue hiyo bafta, uache udaktari."

Tajiri, kikombe cha kahawa mkononi, akacheka. "Huyu mwache, atatutabiria na kiyama."

Nikaanza kuwachungulia. Penseli ilikaa sikioni kwa fundi. Tajiri alikuwa na wageni wa kupeleka Pangani, hataki kusikia habari ya kushusha injini.

Siku ya tatu ndege ikaenda kuwachukua, nami nikapandishwa nikapakie mizigo. Nikikataa, kazi sina. Injini ikazimika juu ya mikoko. Rubani akatulaza kwenye tope, yeye hakutoka. Mimi nilitoka na mguu huu.

Wakaguzi walinifuata wodini. Karatasi walikuwa wameiona: mstari mwekundu bado mbali. Nikawaeleza habari za chenga zote nilizoziona.

"Hiyo bafta iko wapi?"

Iko kambani, uani kwangu. Niliambiwa fua, nikafua, kwa sabuni ya mche, kama nilivyozoea kila mara. Haina hata doa.

Kwa hiyo wa tatu kutuangusha ni mimi.

Mkaguzi mmoja alifunga daftari, akanipigapiga begani, akasema pole mzee. Mpaka leo najiuliza kwa nini alifunga upesi vile.