Kanga Isiyokaa Kifuani

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla hamjausikia kwa watu. Nilipogusa uvimbe katika titi langu la kushoto, mdogo kama kokwa ya zambarau, nilijiambia ni maziwa yameganda. Maziwa ya nani? Kitinda mimba wangu, Karisa, wakati huo alikuwa akipanda minazi ya watu na kufukuzwa kwa mawe. Nami mama yake niliketi jikoni na chumvi ya moto nimeifunga kitambaani, nakanda maziwa ya mtoto ambaye sauti yake imekwisha anza kukwaruza.

Wala si kwamba sikusoma. Katika shule ya misheni nilifika madarasa ambayo wasichana wengi wa siku zile hawakuyafikia. Nilijua kumpasua chura na kutaja viungo vyake vyote kwa Kiingereza. Vya chura. Vyangu mimi niliviachia chumvi.

Watu huniita Mama Kadzo, kwa jina la binti yangu mkubwa. Nyumba yetu iko Kisauni, ya udongo na makuti, na uani kuna mafiga, kinu, na kisima tunachoshirikiana na jirani yetu Bi Mwanaidi. Baba Kadzo, mume wangu, ni karani wa ghala bandarini. Kila asubuhi huvuka daraja la Nyali, jioni akarudi. Mimi daraja hilo sikulipenda. Linaelea, linatikisika, na ukilivuka unalipa. Kulipa ili nitikiswe! Dunia yangu ilianza mlangoni ikaishia kisimani, na ilinitosha. Wanawake wa kanisani walinitania kwamba siku nikifa, roho yangu itafika kizingitini, itazame jua lilivyo kali, irudi ndani.

Basi uvimbe ule haukuuma, na hilo ndilo lililonidanganya. Sisi tumezoea kuogopa kinachouma. Ukakua taratibu, kama mgeni mwenye adabu. Baadaye ngozi ikaanza kuvutika na kuwa na vishimo vishimo kama ganda la chungwa, na chuchu ikazama ndani. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha lakini unga ulikuwa bado wa kupigania, na mimi nilijiambia mwenye foleni ya unga hana nafasi ya kutazama chuchu.

Siku moja nikiteka maji, kanga ililegea. Bi Mwanaidi aliweka ndoo yake chini.

"Mama Kadzo, hilo titi lina nini?"

"Maziwa yameganda."

"Maziwa ya nani?"

"Ya Karisa."

"Karisa huyu aliyeniibia madafu jana?"

"Huyo huyo."

"Basi huyo atakuzika. Jifunge vizuri, twende hospitali. Sasa hivi."

Nikamwambia nina mchicha jikoni. Akaenda akauipua mwenyewe, akarudi na buibui yake amekwisha kuivaa. Nikavuka daraja nikiwa nimemshika mkono kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa.

Hospitalini, ng'ambo kisiwani, tulimkuta daktari Mzungu na dresa wake, yaani mfunga vidonda, kijana mpole wa Kitaita. Daktari alibonyeza titi, akabonyeza na kwapa, akakuta uvimbe mwingine huko ambao hata mimi sikuujua. Akamwambia dresa kwa Kiingereza, "Mwambie titi lote litaondoka, na nyama iliyo chini yake, na tezi za kwapani. Amechelewa sana."

Dresa akanigeukia kwa huruma. "Mama, daktari asema watakusafisha kidogo."

Nikamjibu daktari kwa Kiingereza changu cha chura kwamba nimesikia yote, la kusafishwa na la kukatwa. Alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema. Kisha akaniambia jina la ugonjwa: saratani. Nikamwuliza kama nitapona.

"Sijui," alisema. "Ukikubali, tutajua."

Sikupendezwa na jibu hilo, lakini hadi leo namshukuru kwa kutonipaka mafuta.

Wakamwita mume wangu atoe kauli yake. Alikuja na nguo za kazi, kofia mkononi, jasho linamtoka. Daktari alimweleza, dresa akafasiri, safari hii bila kupunguza. Baba Kadzo akauliza swali moja tu.

"Baada ya hapo, ataweza kutwanga?"

Nilikuwa nimelala pale pale, karibu naye kiasi cha kumshika mkono. Hakuuliza kama nitaishi. Wako watakaosema ni woga ulimtoa maneno. Labda. Lakini woga nao huchagua maneno yake.

Daktari akamjibu kwamba mkono wa kushoto hautapanda kama zamani, na nisibebe vizito. Hapo ndipo hofu yangu ilipopata umbo. Kufa nilikuogopa, siwadanganyi, lakini zaidi ya kufa niliogopa kurudishwa kwa baba yangu, kijijini Rabai. Kwetu mwanamke asiyetwanga wala kuteka maji ni mgeni katika nyumba yake, na mgeni mwisho huaga.

Hata hivyo tulikubali. Walinifunika pua na mdomo kwa kitambaa chenye dawa, harufu tamu ya kuchefua, nikazama. Nilipoamka nilikuwa nimefungwa bandeji toka shingoni hadi tumboni, na mpira mwembamba ukitoa maji mekundu ubavuni. Nilitapika, na kila nikitapika nilihisi kama kifua kinapasuliwa upya. Jeraha lilioza upande mmoja. Nilijinusa mwenyewe, na mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani, nami sikumlaumu. Walinichoma sindano, wakanisafisha, nikapiga kelele za kuwaaibisha wazazi wangu.

Bandeji ilipotolewa nilitazama. Upande wa kulia nilikuwa mimi. Upande wa kushoto ilikuwa ngozi nyembamba juu ya mbavu, na kovu limeanza karibu na bega likashuka kama mshono wa gunia. Mkono ulikuwa umevimba, mzito kama muhogo uliong'olewa baada ya mvua.

Siku ya kuondoka dresa alinisimamisha mbele ya ukuta. "Mama, weka vidole hapa, uvitembeze kwenda juu, kama mdudu anayepanda. Kila siku. Utalia. Lia, lakini panda."

Nilirudi Kisauni nikakuta nyumba yangu imepata mwenyewe mwingine. Wifi yangu Sidi, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa amekuja kutoka Jibana kusaidia. Alisaidia mpaka nikakosa pa kukanyaga. Mafiga alikuwa ameyahamisha. Kinu kilikuwa upande wa pili wa ua. Nikafungua sanduku langu.

"Wifi, kanga zangu ziko wapi?"

"Nimempa shangazi. Kwako zitakaa wapi tena?"

Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Kanga ya kifuani hushikwa na matiti, na hilo hulijui mpaka moja liondoke. Nilikuwa najifunga, natoka bafuni, nafika katikati ya ua, upande wa kushoto unateremka. Kuku wanakimbia. Nikaona nitumie akili ya shule: nikachukua sufi kutoka katika mto, nikashona titi. Lilikuwa titi zuri, pengine zuri kuliko lile la Mungu. Nikalivaa kwenda kanisani. Tulipoinua mikono kuimba, mimi nikiinua huo mmoja, titi lilianza safari. Mwisho wa wimbo lilikuwa kwapani, na mama mmoja nyuma yangu alikuwa akikohoa ili asicheke. Nililirudisha katika mto. Mto ule naulalia mpaka leo, na wala haujapungua raha.

Wageni walikuja kunitazama, wakaketi mkekani na nyuso za matanga.

"Alikuwa mchapakazi sana," alisema mmoja, akimwambia Sidi.

"Niko hapa," nikasema.

"Tunajua, mama. Pumzika."

Baba Kadzo alihamia benchi la sebuleni. "Nisije nikakugonga jeraha," alisema, nami nikamwona muungwana. Jeraha likafunga. Mvua za masika zikaja, zikaenda. Muungwana bado yuko benchini.

Siku moja mchana nikiwa chumbani nilimsikia Sidi nyuma ya ukuta. Kuta za udongo hazina siri, na yeye hakujisumbua kunong'ona.

"Ndugu yangu, mwanamke ni mikono. Huyu mrudishe kwao apumzike. Kule nyumbani kuna binti mmoja mwenye afya..."

Nikangoja mume wangu aseme kitu.

"Tutaona," alisema.

Nimetukanwa mara nyingi katika maisha yangu, na kwa lugha nzuri kuliko hiyo, lakini neno hilo "tutaona" bado linanikereta.

Toka siku hiyo nilikwenda ukuta wa nyuma kila asubuhi, kila mtu akiwa na shughuli zake. Vidole vilianza kiunoni. Ngozi ya kwapani ilivutika kama kamba fupi, na nililia kama alivyoniagiza dresa. Baada ya muda vidole vikafika dirishani. Vikakwama hapo, nikakata tamaa, nikaacha, mkono ukavimba zaidi, nikarudi tena. Bi Mwanaidi alikuwa akinichungulia kutoka kisimani. "Leo mdudu wako mvivu," alikuwa akisema. Nilimtukana kimoyomoyo, nikasukuma mbele kidogo. Siku niliyogusa ncha ya makuti ya paa, hapakuwa na mtu wa kushangilia. Nikajishangilia mwenyewe, kwa sauti ndogo.

Sidi alipokwenda dukani, nikauendea mpunga. Mchi mkubwa ulinishinda. Nikachukua ule mdogo aliojifunzia Kadzo alipokuwa msichana, mkono wa kulia ukifanya kazi, wa kushoto ukisindikiza tu. Nilitwanga, nikapumzika, nikatwanga. Nusu ya mpunga ilimwagika. Sidi aliporudi alisimama, mikono kiunoni.

"Kuku wa leo watashiba," alisema.

"Watakula nao," nikamjibu.

Jioni nikapika mwenyewe, nikaandaa mwenyewe. Wali ulijaa makapi. Baba Kadzo akala, akawa anatema ganda moja moja pembeni ya sahani. Sikuwa na haja ya kumbembeleza.

"Baba Kadzo," nikasema, "uliuliza hospitali kama nitaweza kutwanga. Jibu lako liko sahanini. Sasa mimi nami nina swali. Nabaki hapa, au narudi kwa baba?"

"Mwanamke gani humwuliza mumewe hivyo?" Sidi alidakia.

"Mwenye nyumba," nikasema.

Mume wangu aliisogeza sahani kando. Nilifikiri atasema tena tutaona, na nilikuwa nimekwisha amua kwamba akilisema, nitavuka kizingiti usiku haujaingia, mimi mtu wa nyumbani.

"Dada," alisema mwisho, "kesho nitakutafutia gari la kwenda Jibana. Umetusaidia vya kutosha."

Sidi hakuniaga. Mafiga niliyarudisha mahali pake siku hiyo hiyo alipoondoka.

Lakini msidhani kwamba hapo ngoma zilipigwa. Nilimwuliza mume wangu kwa nini bado alala benchini, na jeraha limekwisha kupona. "Naogopa," alisema. Nikamwuliza kama aogopa kuniumiza. Akatikisa kichwa. "Naogopa kuona."

Alirudi kitandani, ndiyo. Hulala upande wangu wa kulia, na huzima taa kabla sijavua nguo. Hajalitazama kovu langu mpaka leo. Nimelitazama peke yangu, na mara nyingine naona ni kazi nyingi kwa mtu mmoja.

Basi haya ndiyo maisha niliyoyapata. Mkono huvimba kila alasiri, na hulazwa juu ya mto kama mtoto wa kifalme. Ndoo naijaza nusu. Nikichomwa na mwiba mkono huo napata homa, kwa hiyo kuni nakusanya kwa mkono wa kulia. Kanga naipitisha juu ya bega nikaifunga fundo, na wasichana wengine wa mtaani wameanza kufunga hivyo wakidhani ni mtindo wa mjini. Siwaambii.

Namshukuru Mungu aliyeniacha hai, ingawa sijaelewa kwa nini alitaka kulipwa kwa kipande. Namshukuru dresa, na yule daktari wa "sijui". Na ninyi mnaosoma: ukigusa kitu titini, usikiulize kama kinauma. Kisichouma ndicho cha kukimbilia. Usikande, usichanjwe chale, usingoje mchicha uive. Na mkienda kumtazama mgonjwa, msimseme kama marehemu. Chukueni kuni, mchukue maji, muondoke. Wanawake huja kwangu siku hizi, huzunguka jikoni wakijifanya wanaomba moto, halafu wananiambia wana kitu. Nawaonyesha kovu. Wengine hulia. Wengine huenda hospitali siku hiyo hiyo, na hao ndio malipo yangu.

Juzi nilikuwa na Bi Mwanaidi uani kwake, akiparua samaki. Nilikuwa na uchungu siku hiyo, nikamweleza habari ya taa, kwamba mume wangu huizima, kwamba mimi ni nusu mwanamke ninayefichwa gizani. Nilisema mengi. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Mama Kadzo," alisema, "mimi ninayo yote mawili, na mume wangu yuko Tanga kwa mke mwingine. Wako huzima taa, lakini yuko chumbani. Hebu nigee hiyo ndimu, samaki ananuka."