Majibu ya Jiwe

Mama yangu aliacha kula maharagwe kwa sababu mimi ni mwongo. Nalitanguliza hilo mapema, nisije nikajisahau huko mbele nikajifanya mtu mzuri.

Tulikuwa hospitalini Kitale. Mama aliachwa kwenye benchi nje ya mlango, ameshika kibeti chake kwa mikono miwili, anamsimulia mgonjwa asiyemjua habari za kwaya ya kina mama. Ndani, daktari alituambia mimi na kaka yangu kwamba ile si shida ndogo ya tumbo, ni kansa, na imeshatembea. "Haiponi," alisema. "Tutatuliza maumivu tu." Akanipa karatasi moja. Niliikunja mara nne nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wangu, ule wenye zipu.

Kaka yangu ni mkubwa ofisini kwake Bungoma, ana kiti kinachozunguka, kwa hiyo hata nyumbani huamua mambo kama anayepiga mhuri. "Mama asiambiwe," alisema kule koridoni. "Hii habali itamumariza kabra ya ugonjwa. Unataka akufe na mawazo?" Mimi nafundisha sayansi upande wa Kwanza, mji mdogo karibu na Kitale. Kila mwaka nawaambia watoto wa watu kwamba ukweli haubembelezwi. Basi nikatoka pale nikamwambia mama yangu mzazi, "Ni alsa, Mama. Vidonda vya tumbo tu." Na kwa kuwa uongo mtupu haukai vizuri mdomoni, nikautia chumvi: "Usiguse pilipili wala ndimu. Na maharagwe uache kabisa."

"Hata mchuzi wake?"

"Hata mchuzi."

Jamani, mnamjua mama yangu? Hamumjui. Kwake, huko mashambani nje ya Bungoma, mlo bila maharagwe ni kuonja tu. Alikuwa anayachemsha kila jioni, anaepua, anafunika, halafu anaweka jiwe jeusi juu ya kifuniko, kwa sababu paka wake alijifunza kufunua sufuria. Jiwe lenyewe alilipata kwenye shamba la viazi vitamu miaka michache nyuma. Kulinguruma bila hata wingu, kitu kikaanguka pu! Watu wakakimbilia nyumbani kuomba. Yeye alikwenda na jembe, akalikuta kwenye kishimo, akalipangusa kwa leso, akarudi nalo jikoni. Tukimuuliza, alijibu, "Lilitoka juu, acha likae juu." Na likakaa juu ya sufuria.

Baada ya uongo wangu likakosa kazi. Likaachwa chini karibu na mlango, na siku moja nikalipiga teke kwa kidole gumba hadi nikaona nyota. Niliinua lile jiwe kwa hasira, nia yangu ni kulitupa nje likamkomeshe paka, ndipo nikaona pembe yake imemeguka na ndani mna chembe nyeupe, kama punje za mchele zilizomwagikia masizi. Mwalimu wa sayansi ndani yangu akaamka, hata kama alichelewa. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi letu la walimu wa sayansi. Haukupita muda, mtaalamu wa mawe kutoka chuo kikuu akanipigia simu, msichana mwenye sauti ya haraka haraka. Alikuja, akalitazama pande zote. Alikata kipande, akakifunga kwa karatasi ya kung'aa, akaenda nacho kikapimwe ng'ambo.

"Linaumwa nini?" Mama aliuliza.

"Haliumwi, Mama. Linapimwa tu."

"Hata mimi mlisema napimwa tu."

Nikajitia hamnazo.

Majibu yakaja, kurasa saba. Mtaalamu alisema ni heshima kuyasoma mbele ya mwenye jiwe, na kaka yangu akasikia neno heshima, basi! Viti vya plastiki vilitoka kanisani, majirani wakaitwa, chai ikapikwa kwenye sufuria ile kubwa ya matanga. Kaka mwenyewe alifika na suti nzito, jua likamkamua jasho mpaka tai ikalowa. Mama tulimkalisha mbele, kwenye kiti chenye mikono. Alikuwa amekonda, gauni linampwaya, na kila aliyemsalimu alimwambia alsa ni mbaya sana.

Yule msichana alieleza vizuri, lazima niseme. Alieleza ukurasa baada ya ukurasa, hakuruka kitu. Alisema hiki ni kimondo. Alisema zamani sana, jua likiwa bado linajiumba, na dunia haijawa hata udongo, kulikuwa na vumbi na moto tu. Vumbi lilipoanza kupoa, zikaganda chembe za kwanza kabisa, na zile nyeupe ndizo hizo. Ndani yake wamekuta madini adimu ambayo hapa kwetu duniani ni shida kuyapata. Kama mtu hakuelewa, alirudia. Bibi mmoja aliuliza kama ni kabla ya gharika, akajibiwa kwa upole. Nilikaa pale na mkoba wangu magotini nikifikiri: tazama jinsi jiwe linavyoheshimiwa. Jiwe lilipewa majibu yake yote, mchana kweupe, mbele ya kuku na majirani.

"Na madini yenyewe," akamalizia, "yanaitwa hiboniti."

Hapo ndipo kaka yangu alipoinuka kuwatangazia wa nyuma. Ulimi wetu wa huku b saa nyingine haitaki kukaa b, hugeuka p, na r na l zinabadilishana viti zenyewe. Akapaza sauti, "Mmesikia? Jiwe ra Mama riko na hiponi! Hiponiti!"

Mama, ambaye sikio moja halimsaidii sana, aliinua kichwa. "Haiponi?"

Watu wakacheka. "Jiwe limeugua, bana!" mmoja akasema, na kicheko kikaongezeka. Hata mtaalamu alitabasamu bila kujua anatabasamia nini. Kaka yangu akaketi ghafla. Mimi niliukumbatia mkoba wangu, kwa sababu Mama hakuwa anamtazama mtaalamu, wala jiwe. Alikuwa ananitazama mimi, halafu mkoba.

Aliinuka polepole akaingia jikoni. Nikamfuata. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, paka miguuni.

"Mayi," akaniita, yaani mama kwa lugha yetu, na huniita hivyo akinihurumia. "Siku ile hospitalini nilisikia hilo neno. Ule mlango ni mbao tu. Nilisikia, haiponi."

"Mama..."

"Nikasema si yangu. Ni ya mtu mwingine. Yangu mngeniambia."

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia kwa kwikwi pale kando ya mafiga, na yeye akaningoja nimalize, kama anayengoja mvua ipite aanike nguo.

"Ya jiwe ni karatasi ngapi?"

"Saba."

"Na yangu?"

"Moja."

"Basi si kazi ndefu. Soma."

Nilifungua zipu. Nilisoma mstari kwa mstari, na aliposema hajaelewa, nilirudia. Kaka yangu alikuja akasimama mlangoni, ameshika tai yake mkononi, hakuthubutu kuingia. Nilipofika mwisho Mama alimpapasa paka. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Hapo wameandika nisile maharagwe?"

"Hapana, Mama."

"Basi wameandika wapi?"

"Hakuna mahali. Ni mimi."

"Miezi miwili, mwalimu," akasema. "Miezi miwili uji na viazi! Unajua nilikuwa nanusa ya jirani kupitia ua?" Na akaanza kucheka, akicheka na kujishika tumbo kwa maumivu, na machozi yanamtoka. "Osha maharagwe. Yale mekundu. Na wewe wa mlangoni, lete kuni."

Kaka yangu akaenda kupasua kuni, suti na yote.

Nilikuwa nachagua changarawe kwenye ungo mtaalamu alipopiga hodi. Alitaka jiwe liende makumbusho, liwekwe kwenye kioo, lisishikwe ovyo, maana kila mkono unaliharibu. Mama alimsikiliza kwa adabu zote. Alimwambia hana neno, alichukue, jiwe la watu wote hawezi kulikatalia.

"Lakini nikimaliza," akasema.

Msichana akauliza ukimaliza nini. Mama alikuwa ameshageukia moto.

Yule msichana hupiga simu kila wiki, kwa heshima sana, kuuliza kama aje. Jana amepiga tena. Nilitazama sufuria, nikalitazama lile jiwe juu ya kifuniko, nikamwambia bado, Mama anakula.